Kwa Mama Shefu, juu ya Miti Tuliyopanda

Kibua, Walikale, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Natamani barua hii ikukute umekaa, mlango umefungwa, hakuna mtu anayekungoja nje na shauri lake. Ina maneno ninayotaka uyasome peke yako kwanza. Soma polepole. Nimejitahidi kuandika herufi kubwa, kwa sababu najua miwani ya marehemu Papa inakuumiza macho.

Kifua chako kinaendeleaje? Je, kikohozi cha asubuhi kimepungua? Na bibi yetu Koko, miguu yake bado inavimba siku za mvua? Mdogo wangu Aline amepanda darasa? Nawaza habari zenu kila ninapoteka maji, maana hapo ndipo ninapokuwa peke yangu.

Mimi niko mzima, namshukuru Mungu. Joto la huku bado halijanizoea. Ile koti ya sufu uliyonifungia siku tuliyoagana naitumia kama mto wa kulalia, kwa kuwa hakuna siku hata moja niliyohitaji kuivaa. Pande zote ni msitu na michikichi, na asubuhi ukungu unatoka katikati ya miti kama moshi wa jikoni. Tunakula bugali ya mihogo na sombe ya majani ya mihogo yenye mawese mengi. Maharagi ni ya siku kuu tu, kwa sababu yanatoka kwetu huko juu na barabara ni mbaya. Mama mdogo Vumilia ananitunza vizuri. Anasema nina kichwa kigumu kama chako, nami sijui kama ni lawama ao ni sifa.

Shuleni sijambo. Tangu madarasa yetu ya Kingi huko Masisi yalipojaa familia zilizokimbia vita, nilidhani masomo yangu yamekwisha, lakini hapa wamenipokea katika mwaka wa tatu, seksio ya pedagojia, ya kusomea ualimu. Sisi ni wengi na viti ni vichache, kwa hiyo anayechelewa anakaa juu ya tofali. Mimi sichelewi.

Sasa Mama, niingie katika neno lenyewe.

Siku ya Alhamisi, siku ya soko, alifika Mama Charlotte, yule muuza mafuta anayepandisha mabidoni ya mawese mpaka Masisi na kuteremka na maharagi na jibini. Nilikuwa nimekaa na mama mdogo mbele ya meza yake ya mihogo. Mama Charlotte alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani.

“Weye njo Solange wa Mama Shefu? Umekuwa murefu sawa bambu. Hapa banakulisha nini?”

“Bugali, Mama.”

“Bugali hairefushe muntu. Labda ni ile Kifaransa.”

Watu walicheka, nami nikacheka. Kisha akaacha kucheka, akasogea karibu, akasema, “Mama yako amenituma neno. Anasema: ambia Solange asome. Ile miti njo yangu.”

“Miti gani, Mama?”

Mama Charlotte alimtazama mama mdogo, na mama mdogo akatazama mihogo yake. Hapo nikajua kwamba wote wawili walijua jambo ambalo mimi sikulijua.

Alinieleza. Alisema Baba mdogo Safari pamoja na wanaume wa upande wetu wamelima kutoka shamba la bamama mpaka kwenye mstari wa miti tuliyopanda likizo ya Pasaka, na wamelima hata ule mlango wa hatua kumi uliouamuru uachwe ili ng’ombe washuke majini. Wanasema hapo ni mpaka, na mpaka ulipandwa mchana mbele yako wewe shefu wa kijiji. Wachungaji wa Papa Fidele, mwenye malisho ya juu, walikuja kung’oa miti. Mawe yalirushwa. Mtu mmoja wa kwetu alivunjika mkono, na ndama mmoja wa Papa Fidele alikatwa mguu kwa panga. Sasa ng’ombe wanazunguka kilima kizima kufika mtoni, maziwa yamepungua, na Mama Esperansi mke wa Papa Fidele hapiti tena mlangoni kwetu. Papa Fidele amepeleka mashtaka kwa shefu wa grupema, anayetawala vijiji vyetu vyote, kwamba Mama Shefu amemnyang’anya malisho kwa ujanja wa kike. Na baraza imeitishwa.

Nikamwuliza Mama Charlotte yeye anasemaje.

“Mi? Mi nauzisha mafuta. Benye ngombe banakaranga, benye kulima banakaranga. Sina upande.” Akafunga kitambaa chake vizuri, kisha akaongeza, “Lakini mama yako, Solange, sijamuona kukonda vile.”

Mama, hukuniandikia kwamba umekonda. Ulituma tu kwamba nisome.

Kesho yake, baada ya masomo, nilikwenda kwa mume wake, Papa Musafiri, aliyekuwa akichambua ngazi, matunda ya michikichi, nyuma ya nyumba. Unamjua: hasemi mengi, lakini akisema hasemi nusu. Nilimwuliza mti unawezaje kuwa mpaka wakati mti ule ule wa majani marefu umeota nyuma ya kila jiko la Kingi na hata mbuzi hawauangalii.

Alisema, “Muti peke yake si mupaka. Muti ni muti. Ambia mi namna mulipanda.”

Nikamweleza. Nakukumbusha siku ile hapa, Mama, si kwa kuwa umeisahau, bali nataka uione kama ninavyoiona mimi, maana nimeipitia mara nyingi kichwani nikitafuta tulipokosea.

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeteremsha udongo kutoka malishoni na kufunika maharagi ya shamba la bamama mara mbili. Ulisema tusipozuia udongo, hata kaburi la Papa litafunikwa. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka huku, barabara bado iko wazi, na daftari la kilimo, nikakueleza mwalimu alivyotufundisha kuzuia maji kwa kupanda mistari inayofuata kilima. Ulinisikiliza kama unavyowasikiliza watu barazani, mkono shavuni, bila kunikatiza. Mwalimu alisema tupande majani ya kulisha wanyama. Mimi ndiye niliyesema hapana, ng’ombe watayala yote kwa juma moja. Mimi ndiye niliyesema tupande mti wa majani marefu, kwa sababu ukichoma kijiti ardhini kinaota, na hakuna mnyama anayeugusa. Ulisema, “Mutoto huyu ameona mbali kupita mwalimu wake.” Nilifurahi sana, Mama. Nilitembea na furaha ile siku nzima.

Nilitengeneza kile kipimo cha vijiti vitatu na kamba yenye jiwe, na Aline akanifuata akichoma alama. Ulikwenda mwenyewe kwa Mama Esperansi, kwa sababu udongo ulitoka kwao na ukaanguka kwetu, na ulisema kazi hiyo si ya upande mmoja. Siku ya salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, walikuja bamama wote, wa ng’ombe na wa mashamba. Miti ya kukata ilikuwa karibu na boma la Mama Esperansi, juu, kwa hiyo wao walikata na kuteremsha, nasi tulisimama chini tukipokea. Mahali pale pana mteremko mkali, kila mmoja alikaa upande wake wa mstari ili asianguke. Wao walishika kijiti juu, sisi tulikandamiza udongo chini. Mama Deborah, anayeongoza maombi ya bamama, alimwambia mke mmoja wa wachungaji, “Weye unashika muti sawa unakamua ngombe. Usiuvute, hautatoa maziwa.” Yule akamjibu, “Na weye unafukia sawa kuzika muchawi. Tutapandaje siku moja kilima kizima?” Tulicheka mpaka Koko aliyekuwa amekaa mbali nasi akauliza kuna nini.

Tulipomaliza, Mama Esperansi alileta maziwa ya mgando katika kibuyu, nasi tulikuwa na maji ya ndizi. Wao wakanywa yetu, sisi tukanywa yao. Na wewe ukasimama katikati ya mstari, mguu mmoja juu, mguu mwingine chini, ukasema, “Leo hakuna mama wa ngombe, hakuna mama wa maharagi. Iko bamama tu.” Nilijivunia wewe hata machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi.

Hayo yote nilimweleza Papa Musafiri. Mwanzoni alikuwa akicheka pole pole huku akitoa ngazi. Nilipofika kwenye maziwa, mikono yake ikasimama.

“Ngoja. Bale balikuwa juu, nyinyi chini?”

“Ndiyo, Papa.”

“Kila muti balishika batu wa pande mbili?”

“Ndiyo.”

“Mulikunywa? Balikunywa yenu, nyinyi ya kwabo?”

“Tulikunywa.”

“Na shefu alisimama katikati, akasema neno?”

Aliona uso wangu, akaweka ngazi chini.

“Mutoto wangu,” akasema, “mulipanda mupaka. Hakuna kitu mulisahau. Hata bazee benyewe habafanyake muzuri vile.”

Nikamwambia hatukujua. Hakuna hata mama mmoja aliyejua, wala wa juu wala wa chini. Akasema ni kweli, tungejulia wapi. Siku ya kupanda mpaka wanawake wanabaki nyumbani kupika. Wanakwenda wanaume peke yao na vijana wao wa kiume. Akanieleza kwamba alipokuwa mdogo baba yake alimchukua siku ya mpaka wa shamba lao, na mti ulipokwisha kusimama, alimpiga kofi zito pale pale, bila kosa lolote, ili asisahau mahali. “Mpaka leo nikipita pale, sikio inalia,” akasema, akajishika sikio. “Weye, Solange, hakuna mwenye alikupiga kofi. Na mama yako pia hakuna mwenye alimupiga.”

Mama, neno hilo ndilo linalonikaa moyoni. Papa aliijua mipaka yote ya kijiji, akafa nayo kwa homa ya siku nne. Wazee walipokukalisha wewe mahali pake, nilikuwepo. Nakumbuka ulivyowaomba wakutembeze mipaka. Baba mdogo Safari alisema, “Utatembezwa, shemeji. Mvua iishe kwanza.” Ikanyesha, ikaisha, ikanyesha tena. Hakuna aliyekutembeza. Ulichimba chemchemi pamoja na bamama, ulifungua njia ya kupitisha wagonjwa kwenda barabarani, uliwapatanisha watu waliokuwa hawasalimiani tangu kabla sijazaliwa. Lakini mahali ardhi ya mmoja inapoanzia na ya mwingine inapoishia, hilo walilificha kama mtu anavyofichwa deni la baba yake. Na sasa wanakuhukumu kwa kutokujua.

Nafikiri sana juu ya siku ya baraza. Nimeona milango miwili tu, na yote miwili ni mibaya. Ukisema ndiyo, ule ni mpaka, watu wetu watakubeba mabegani. Hata Baba mdogo atasema mwanamke huyu ni shefu wa kweli. Lakini itakuwa uongo, na watoto wa Mama Esperansi watakosa maji, nao wachungaji watarudi na kitu kibaya kupita mawe. Ukisema hapana, tulikosea, watu wetu watakuita msaliti, na wazee watasema, mlitegemea nini, mwanamke hajui mipaka, kiti kirudi kwa ndugu ya marehemu. Na wewe umechagua mlango wa tatu, ambao mimi nauogopa kupita yote. Umesema miti ni yako. Maana yake lawama yote ibaki juu yako, na mimi nisome.

Nimejaribu, Mama. Nataka ujue kwamba nimejaribu. Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi nilipanda kilima cha nyuma ya kanisa, mahali watu wanapotafuta reseau ya kupigia, na simu ya mama mdogo mkononi. Mara kumi na moja nimesikia ile sauti ya mwanamke ikisema kwa Kifaransa kwamba namba ya kwetu haipatikani. Anaisema kwa upole, kama mtu anayekupa pole msibani. Mara ya mwisho nilimjibu, “Asante, dada,” kisha nikaona aibu.

Nilimwomba mama mdogo anipe ruhusa niondoke na Mama Charlotte. Alisema, “Barabarani kuko barriere ine, na kwa kila barriere kuko bijana benye bunduki. Mama yako alikuleta huku juu ya hiyo njo. Unataka nimurudishie nini?” Sikuomba tena, kwa kuwa alisema kweli.

Nilikwenda kwa mwalimu wa kilimo. Nilimwomba aandike karatasi moja tu, kwamba mistari ya miti ni ya kuzuia udongo na kwamba yeye ndiye aliyetufundisha. Ni mtu mwema. Alichukua kalamu kabisa. Kisha akaiweka tena mezani na kusema, “Solange, nikiandika, watasema shule ya Walikale inagawa ardhi ya Masisi. Haya ni mambo ya desturi, na mimi si wa huko.” Alinitazama kwa huruma. Huruma nimepewa nyingi juma hili, na hakuna hata moja ninayoweza kukutumia.

Jana, Jumamosi, tulikuwa na mtihani uliohamishwa kutoka juma lililopita. Swali la pili lilisema: eleza faida za kupanda miti kwa mistari katika milima. Niliandika yote. Niliandika kwamba inashika udongo, inapunguza mbio za maji, inalinda mazao ya chini. Mwalimu alisahihisha pale pale, nikapata kumi kwa kumi. Nilitoka nje nikaenda nyuma ya vyoo nikalia, kwa sababu kila nililoandika ni kweli. Udongo ule hautashuka tena. Kazi yetu ilikuwa njema, Mama. Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa.

Nimetaka pia kumkasirikia Papa kwa kufa bila kukuonyesha. Nimeshindwa. Nimetaka kumchukia Baba mdogo, lakini nakumbuka kwamba yeye ndiye aliyenibeba mgongoni siku tuliyokimbia, nami nilikuwa mzito tayari. Kwa hiyo hasira yangu haina pa kukaa, inarudi kwangu.

Sasa sikiliza nilichofanya, na unisamehe kama nimekosa tena.

Katika bahasha hii kuna barua mbili. Hii ndefu ni yako. Ile nyingine ni ya ukurasa mmoja, nimeiandikia shefu wa grupema na wazee wa baraza. Sikuifunga kwa gundi. Inasema kwamba mimi, Solange, binti wa marehemu shefu na wa Mama Shefu wa sasa, ndiye niliyechagua mti na kupima mstari, na nilichagua kwa kuwa ng’ombe hawaupendi, si kwa sababu nyingine. Inasema kwamba kati ya bamama wote waliokuwa pale hakuna aliyewahi kuona mpaka ukipandwa, na kwamba hakuna mtu anayeweza kuweka mpaka bila kujua kwamba anaweka mpaka. Papa Musafiri alinisaidia kwa neno hilo, anasema wazee watalielewa. Mwisho inawaomba jambo moja. Inaomba kwamba kabla ya kutoa hukumu, wakutembeze mipaka yote ya kijiji, kama ilivyopaswa kuwa siku ya kwanza, na Mama Esperansi na Mama Deborah watembee pamoja nawe, ili siku nyingine bamama wakishika jembe wajue wanasimama wapi.

Niliandika mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa na hasira. Mara ya pili ilikuwa na Kifaransa kingi. Hii ya tatu nilimsomea Papa Musafiri, naye akasema, “Iko muzuri. Inaweza kumusaidia. Inaweza pia kumuua.” Alieleza maana yake. Huenda wazee wakaona kwamba mtoto asiyejua hawezi kupanda mpaka, basi mpaka hauko, Baba mdogo arudi nyuma, ng’ombe wapite, na wewe ubaki mahali pako. Ao huenda wakacheka na kusema, angalieni shefu gani huyu, anaongozwa na daftari la mtoto wake. Sijui ni lipi kati ya haya mawili. Nimejaribu kufikiri kama wazee wanavyofikiri, lakini siwajui vizuri. Sikuwahi kuitwa mahali wanapofikiri.

Kwa hiyo nakuachia wewe. Sisemi hivi kwa kuukwepa mzigo. Ningeweza kumpa Mama Charlotte ile barua aipeleke moja kwa moja kwa shefu wa grupema, naye angekubali, maana hata huko wanakaranga. Nilifikiri hivyo siku nzima. Lakini ningefanya kama nilivyofanya na miti: kuona mbali kupita watu wote, bila kuuliza nani amesimama juu na nani chini. Wewe ndiwe shefu. Ukiona inafaa, isome mbele yao, ao umpe katekista aisome, ana sauti nzuri. Ukiona haifai, iweke motoni pamoja na kuni za asubuhi, sitakuuliza kwa nini. Mama Charlotte anaondoka kesho. Anasema pikipiki ikipita vizuri atafika Kingi Alhamisi, na baraza ni Jumanne inayofuata. Utakuwa na siku nne za kuamua.

Jambo moja limenipa moyo kidogo, nami sitaki kulikuza. Mama Charlotte alipokuwa akikaza kamba za mabidoni yake, alinikumbuka na kurudi. Alisema alipopita juu, kwenye boma la Papa Fidele, Mama Esperansi alinunua mafuta bila kusema neno, kisha akauliza, “Solange atarudia lini?” Nilimwuliza aliuliza kwa sauti gani, ya hasira ao ya mtu anayemkumbuka mtu. Mama Charlotte alifikiri, akasema, “Aliuliza tu.” Nimeshika hilo. Mtu haulizi habari ya mtoto ambaye hataki kumwona tena, ao nakosea?

Nisalimie Koko, mwambie asisimame mlangoni siku ya baridi kungoja habari zangu, zitamkuta ndani. Nisalimie Aline, namkataza kwenda kwenye mstari ule, hata akitumwa. Nisalimie Mama Deborah na bamama wote wa maombi, waombe bila kutaja majina ya watu, Mungu anawajua. Nisalimie katekista. Baba mdogo Safari naye umsalimie. Mwambie Solange anakumbuka mgongo wake. Usiseme zaidi ya hapo, ataelewa ao hataelewa.

Na Mama Esperansi, mkikutana mahali ambapo watu hawawaangalii, umjibu swali lake. Mwambie nitarudi likizo kubwa, barabara ikifunguka.

Mama, ninaomba kitu kimoja kwako, na ni kidogo. Baraza ikiisha, usinifiche. Ukibaki kwenye kiti, mtume Mama Charlotte aniambie. Usipobaki, aniambie vile vile, kwa maneno yale yale uliyomtuma, bila kupunguza. Huku mbali siwezi kushika mti, wala udongo, wala mkono wako. Kujua tu ndiko ninakoweza, na kama habari itakuwa mbaya, nataka niwe mtu mzima wa kuipokea.

Nakumbatia magoti yako.

Mtoto wako,
Solange